Mama Subiri na Pipa la Dawa

Kuna watu wanaosifiwa kwa kufanya kazi upesi, na kuna Mama Subiri, aliyelipwa mshahara ili achelewe. Jina hilo alipewa na wenzake wa kiwanda cha karatasi, kwa kuwa tangu anavaa glavu asubuhi mpaka anazivua jioni, neno lake lilikuwa hilohilo: subiri.

Kiwanda kile kilikula maboksi. Yaliletwa yamebanwa na kufungwa kwa waya, yakatupwa kwenye birika kubwa lenye panga chini, yakasagwa na maji mpaka yakawa rojo la rangi ya udongo. Rojo lilimwagwa juu ya wavu mpana uliokwenda mbio bila kusimama. Maji yakachuruzika chini, nyuzi zikabaki juu, na hapo karatasi ikazaliwa, mbichi na laini, ikaingia kati ya rola za kukamua, kisha kwenye mitungi ya mvuke ya kuikausha. Kwa mdomo ni rahisi. Lakini boksi lililokwisha kuwa boksi mara nne au tano, nyuzi zake ni fupi na zimechoka. Zinang'ang'ania maji, na zenyewe kwa zenyewe hazishikani. Karatasi yake hufika kwenye rola bado imelowa chepechepe, na ikivutwa kidogo tu, inakatika.

Ndiyo maana kukawa na dawa. Mkemia wa kiwanda aliiita polima; wengine waliiita dawa, yakaisha. Ilikuwa unga mweupe ambao ukiingia majini hugeuka ute unaovutika kama ute wa yai. Siku ya kwanza mkemia alimweleza Mama Subiri kwamba kila chembe ya unga ule ni uzi mrefu uliojikunja. Ukipewa maji na muda hujikunjua, ukazikamata nyuzi fupi za maboksi na kuzishikanisha, na maji yakapata njia ya kupita. Karatasi hukauka upesi na kuwa na nguvu. Lakini ukimwaga unga kwa pupa, unafanya mabonge. Ukiukoroga kwa nguvu, unakatakata zile nyuzi zake.

"Nyunyiza polepole, koroga polepole," mkemia alisema, "halafu uache utulie saa nzima."

Mwingine angesikia somo la kemia. Yeye alisikia habari za mumewe.

Mumewe alikuwa mshika mkia. Karatasi inapokatika, huachwa kipande chembamba cha pembeni, ndio mkia, na mtu hukishika kwa mkono akakipitisha kwenye rola zinazozunguka ili karatasi nzima ifuate. Siku aliyokufa ilikuwa imekatika mara sita. Mara ya sita rola zilikamata mkono wa shati lake. Kiwanda kilimpa mjane pole, gharama za mazishi na kazi ya kuchanganya dawa. Nafasi ya marehemu kwenye rola alipewa mdogo wake, mtu mcheshi aliyekuwa akipakua maboksi, na ambaye kwa Mama Subiri alikuwa shemeji. Basi tangu hapo mama yule alikuwa na jambo moja tu moyoni: karatasi isipokatika, shemeji hapeleki mkono kwenye rola.

Kila asubuhi shemeji alipita mlangoni mwa chumba cha dawa.

"Shemeji, uji umeiva?"

"Subiri."

"Ningekuwa mgonjwa, si ningekufa nikingoja dawa yako!"

"Wagonjwa wa kwangu hufa kwa haraka zao. Nenda kazini."

Miaka minne ilipita hivyo, na karatasi ikawa inapitisha hata wiki nzima bila kukatika. Watu walimtania, lakini walimheshimu.

Kisha yakaja masika ambayo maboksi yaliletwa yameoza kwa mvua. Jumatatu karatasi ilikatika mara mbili. Jumanne, mara tano. Kila kengele ya karatasi kukatika ilipolia, Mama Subiri alisimama na mti wake wa kukorogea mkononi, haendi mbele wala nyuma, mpaka asikie mashine imeshika tena mlio wake wa kawaida. Jumanne jioni alishindwa kula.

Pampu iliyopeleka dawa kwenye rojo ilikuwa na usukani mdogo wenye namba, moja hadi kumi, na kwenye nne mkemia alikuwa amechora mstari mwekundu. Jumatano asubuhi Mama Subiri aliutazama mstari ule kwa muda mrefu. Akawaza: kama dawa ndiyo inayoshikanisha, basi dawa zaidi itashikanisha zaidi. Mtu aliyekwisha kuzika mume angewaza nini kingine? Simlaumu kwa kuwaza. Lakini yeye aliyewafundisha wengine subira, safari hii hakungoja kumuuliza mtu. Akauzungusha usukani mpaka saba.

Dawa ikizidi, nyuzi hazishikani sawasawa. Zinakimbiliana na kujikusanya makundi makundi, na kila kundi linafungia maji tumboni mwake. Karatasi inatoka nene hapa, nyembamba pale, na pale palipo pembamba ndipo inapokatikia. Hayo aliyajua baadaye. Asubuhi ile alichojua ni kwamba robo saa ilipita kengele haijalia, na akatabasamu peke yake.

Halafu kengele ikalia. Na baada ya kengele, mtu akapiga kelele.

Jambo alilolifanya wakati ule ndilo lililomnyima usingizi kuliko yote. Kabla hajakimbilia kwenye rola, aliurudisha usukani kwenye nne.

Shemeji alipoteza vidole viwili vya mkono wa kulia. Mkemia alikuja, akaukuta usukani penye mstari, akaandika kwamba sababu ni maboksi mabovu. Wenzake walimpa Mama Subiri maji ya kunywa na kumwambia akapumzike.

Siku ya tatu, saa ya kuona wagonjwa, alikaa kando ya kitanda cha shemeji hospitalini. Mkono wake ulikuwa umefungwa bendeji mpaka kwenye kiwiko.

"Pole, shemeji."

"Nimeshapoa. Kucha za kukata zimepungua."

Mama Subiri hakucheka. Akamwambia yote, na usukani, na saba, na jinsi alivyourudisha kwanza ndipo akamkimbilia yeye. Alisema kichwa kimeinama, na alipomaliza hakukiinua.

"Nilijua," shemeji akasema.

"Ulijuaje?"

"Niliyaona mabonge juu ya wavu. Karatasi ilikuwa na mawingu mawingu. Miaka yote hii nisijue dawa ikizidi inakuwaje?"

"Na kamba ya kusimamisha mashine?"

"Ilikuwa hapa, juu ya kichwa changu."

"Mbona hukuivuta?"

"Ningeivuta, mkemia angekwenda moja kwa moja kwenye pipa lako. Angekuta usukani uko wapi? Nikasema, acha, mkia mmoja nitaumudu. Mke wa kaka asifukuzwe kazi kwa ajili yangu."

Hapo Mama Subiri alilia kwa sauti, mpaka muuguzi akachungulia. Alilia kwa sababu alikuwa ameyaona makosa mawili ya aina moja: yeye alizidisha dawa kwa ajili ya shemeji, na shemeji alizidisha ukimya kwa ajili yake. Kaka mtu alikuwa amewapenda wote wawili, na kidogo tu mmoja wao angemfuata kaburini.

"Niahidi," alisema alipoweza kusema. "Siku nyingine ukiona bonge, vuta kamba. Hata kama ni mimi. Hasa kama ni mimi."

"Nimekuahidi, shemeji."

Kutoka hospitali alikwenda moja kwa moja ofisini kwa mkemia, akarudia maneno yaleyale. Mkemia alivua miwani.

"Kwa nini unaniambia? Hakuna aliyekushuku."

"Umeandika ni maboksi. Mtabadilisha maboksi, na kesho mwingine ataongeza dawa kama mimi."

Alitolewa chumba cha dawa akapelekwa kuchambua maboksi, kutoa pini na gundi na nailoni. Miezi sita vidole vyake vilichomwachomwa, na hakunung'unika. Alirudishwa kwenye pipa kwa sababu moja tu: ute wa aliyemrithi ulikuwa umejaa mabonge, kwa haraka. Shemeji naye alikuwa amerudi. Mkia hakuweza tena kuushika, kwa hiyo aliwekwa kando ya wavu, na tochi, kuangalia karatasi inavyozaliwa.

Wiki ya pili tangu arudi, asubuhi, Mama Subiri alikuwa ametia dawa mpya na kuifungulia pampu, mara mlio wa mashine ukafifia, ukafa. Kengele haikuwa imelia. Kiwanda kizima kikawa kimya, mpaka ukasikia maji yakidondoka kutoka kwenye wavu.

Alikwenda mbio. Wote walikuwa wamesimama, mkemia ameshika kiuno. Shemeji alikuwa bado ameishika kamba kwa vidole vyake vitatu, kama anayeogopa kuiachia.

"Nimeona mabonge mawili, shemeji," alisema. "Mawili tu. Madogo."

Usukani ulikuwa kwenye nne. Lakini gunia la unga lilikuwa limeingia unyevu usiku, naye hakuwa amelikagua. Kosa lilikuwa lake, na watu wote walikuwa wakimtazama. Akatazama rola. Zilikuwa zimesimama, na hapakuwa na mkono wa mtu karibu nazo.

"Hata moja lingetosha," akamwambia. "Ahsante."

Mkemia akauliza kazi itaanza lini.

Mama Subiri akafungua gunia jingine, akaanza kunyunyiza unga polepole. "Subirini," akasema. Na kiwanda kizima kikakaa chini kikasubiri saa nzima.