Yowe la Wimbo wa Tano

Mshona mashuka wa hospitali alikuwa mtu wa maneno machache, lakini akiamua kutania, wauguzi walishika mbavu. Hakuna hata mmoja kati yao aliyejua kwamba sauti yake ilisikilizwa hadi katika nchi asizowahi kuzikanyaga. Yowe lililomalizia wimbo wa tano, kwenye albamu ya pili ya bendi ya mdogo wake iliyopiga metali, ule muziki wa magitaa yenye kelele, lilikuwa lake. Lilichukua sekunde nne tu. Mashabiki walibishana miaka nenda, miaka rudi: huyu akisema ni mwigizaji aliyelipwa, yule akisema ni mashine. Dereva wa gari la wagonjwa alikuwa ameliweka kuwa mlio wa simu yake. Kila alipopigiwa, mshonaji alisikia yowe lake mwenyewe likitoka ukumbini, na sindano ikamchoma.

Mdogo wake, ambaye watu walimwita Radi kwa vile alivyolitesa gitaa, alikuwa kitindamimba wa mama yao. Albamu ya kwanza ya bendi ilipita kimya kimya. Ya pili waliirekodi katika chumba nyuma ya karakana ya seremala, kuta zote wamezikingia magodoro makuukuu. Mama alikuwa hoi kitandani, mitaa miwili tu kutoka hapo.

Asubuhi moja mama alimwomba binti yake huyo mshonaji akamwitie Radi. Alikwenda mbio. Juu ya mlango wa studio taa nyekundu ilikuwa inawaka, maana yake kanda inazunguka na mtu asiingie. Akasimama penye kioo kidogo cha mlango. Kelele zile hakuwahi kuzipenda, ila siku hiyo, sijui ni nini, zilimshika miguu. Wimbo ulikuwa wa dakika kumi na moja. Ulipokaribia kwisha, jirani yao alitokea akihema, akamwambia mama ameshatangulia. Hapo ndipo alipousukuma mlango na kupiga yowe.

Maikrofoni zikalinasa. Bendi haikuweza tena kuurudia wimbo ule, kwa hiyo ulitoka vilevile ulivyokuwa, na ndio uliowapa jina. Mshonaji aliwaambia ndugu wote kwamba mama alikata roho yeye angali njiani kwenda studio. Siri ya zile dakika alilala nayo na kuamka nayo kwa miaka ishirini na sita.

Kisha alasiri moja Radi, kichwa kimeshaota mvi, akaingia katika chumba chake cha kushonea. Alisema albamu itatolewa upya, na kwamba anataka yowe lile lifutwe, kwani dada yake ameteseka nalo vya kutosha.

Mshonaji akasimamisha cherehani. Akamweleza kila kitu bila kumtazama: taa, kioo, na jinsi alivyosimama pale kama gogo ilhali mama anamngoja mwanawe.



"Nilikuona, dada," Radi alisema. "Nilikuona tangu ulipofika. Uso wako ulinieleza yote. Nikajiambia, namalizia tu. Vidole havijawahi kunitii kama siku ile."

Mshonaji alitamani kumzaba kibao, na papo hapo akatamani kumkumbatia. Hakufanya lolote kati ya hayo. Alihesabu miaka aliyobeba peke yake mzigo uliokuwa wa watu wawili.

"Liache," alisema. "Ukilifuta, watu watasikia wimbo mzuri tu."

Radi aliinamisha uso kwenye rundo la mashuka yaliyofuliwa, akalia. Dada yake hakumbembeleza. Alivuta kiti tu, akaketi karibu naye mpaka akatulia.

Albamu ilitoka na yowe lake. Siku hizi Radi huja pale kila wiki, hukunja mashuka vibaya, na dada yake huyakunja upya huku akimsema. Habari ya mama hawajaigusa tena. Ila mara mojamoja mmoja wao huacha kazi ghafla na kutega sikio, kama mtu aliyeitwa kwa jina lake, na mwenzake haulizi.