Friji Iliyoniposea Mke

Siku ile ya Changamwe naikumbuka mpaka rangi ya vumbi lake, mwanangu. Nilikuwa kijana wa Likoni, fundi umeme wa magari, na moyo wangu wote ulikuwa Taveta. Huko alikuwako binti aitwaye Saumu, na Saumu alikuwa na baba, na baba huyo ndiye aliyeninyima usingizi.

Mzee hakunichukia mimi hasa. Aliwachukia watu wa pwani kwa jumla. Zamani mchuuzi mmoja alimpelekea samaki wa bahari kwa ajili ya karamu, wakafika wananuka mpaka paka wakawapa kisogo. Akaaibika mbele ya wageni wake, na tangu hapo akawa na neno moja tu: "Watu wa pwani maneno matamu, mzigo umeoza." Mjomba wangu Hamisi alipokwenda kuniposea, akatupiwa neno hilo usoni. Na mjomba, Mungu amrehemu, mdomo wake haukuwa na breki. Akaapa papo hapo: "Wallahi, siku ya kuleta mahari utakula nguru wa Likoni hapa hapa kwako, kama aliyetoka majini sasa hivi. Akifika ameharibika, binti yako baki naye!"

Ahadi ni deni. Mjomba alirudi nyumbani akichekelea, mimi nikabaki kuhesabu makorongo. Barabara ya kutoka Voi kwenda Taveta ilikuwa ya vumbi na mashimo wakati ule. Ilitubidi kulala Voi, kisha tuamkie safari, na kwa mzee hakukuwa na umeme. Sanduku la barafu lingefika na maji ya uvuguvugu. Ilitakikana friji ya kusafiri na gari.

Changamwe palikuwa na mtu akiuza vifaa walivyoviacha watalii waliozunguka na magari yao: mahema, vitanda vya kukunja, majiko ya gesi na friji za kila namna. Nilikwenda na Shangazi Mwanakombo, dadake baba, aliyekuwa akiuza barafu za ukwaju mlangoni kwake Mtongwe. Kwetu hakikununuliwa kitu cha maana bila yeye kukitia mkono.

Kufika tu, nikakimbilia friji moja ndefu, nyeupe, ya gesi, ina mlango wa mbele na rafu ndani. Nikajiona nimeshaiteremsha mbele ya wakwe.

"Shangazi, hii hapa! Tazama ilivyo nzuri."

"Waoa wewe, au waoa friji?" akaniuliza. Ilikuwa imewashwa. Akaufungua mlango wake, akaniambia, "Vua ndara. Weka mguu hapa chini."

Nikaweka. Baridi ikanimwagikia vidoleni.

"Umeisikia? Baridi hushuka. Kila ukifungua mlango huu, yote yamwagika chini. Wataka kulipoza vumbi la Voi?" Kisha akamgeukia muuzaji. "Na gari likiinama, baba?"

Yule bwana alikuwa mkweli. Alisema friji ya gesi yataka kukaa sawasawa, ikilazwa upande huacha kupoza. Nikaonyesha kisanduku chepesi cha plastiki cha kuchomeka penye kiberiti cha gari. Akasema hicho hupunguza joto kidogo tu kuliko lililopo nje. Soda itapoa, lakini kwa samaki hathubutu kuahidi.

Ikabaki moja, kijivu, imebonyea ubavuni, nzito kama gunia la chumvi. Kifuniko chake kilifungukia juu, nayo ilikuwa na mota yake ndogo iliyotumia betri ya gari. Nilinuna, nakwambia. Nitawapelekaje wakwe kitu kilichobonyea?

"Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti," shangazi akasema. "Baba yake Saumu hatakula friji." Tukaichukua hiyo.

Lakini nami sikuwa wa kubebwa tu, mwanangu! Nilijua mota ile ingefyonza betri usiku kucha pale Voi, na asubuhi gari lisiwake. Basi nikaifungia pikapu ya mjomba betri ya pili, na waya mnene, ili friji ifyonze yake na gari libaki na yake. Shangazi alitikisa kichwa kwa kuridhika, kisha akatuamuru tuijaribu kabla ya safari. Tukaijaza vifuko vya maji, tukaizungusha katika mashimo ya Mtongwe, tukaianika juani mchana kutwa. Jioni watoto wa jirani walitafuna barafu.

Alfajiri ya safari, nguru alipozwa kwanza kwa barafu, ndipo akaingia. Friji ya gari hutunza baridi vyema kuliko inavyopambana na joto ulilolitia mwenyewe.

Sasa, wajua desturi yetu. Zawadi ya kwenda ukweni lazima jamaa waione na kuisifu. Mariakani tulikuta ndugu wamejipanga kando ya njia, kina mama na leso zao, wamngoja nguru. Mjomba akashuka kifua mbele. "Haya, fungueni wamuone!"

Shangazi alikuwa nyuma ya pikapu. Akainuka, akajikusanya buibui, akakikalia kifuniko.

"Hafunguliwi."

"Mwanakombo! Watatwita wachoyo!"

"Nawatwite. Kila anayechungulia achota baridi kidogo, na hapa mko wengi. Atakayemuona ni aliyeahidiwa."

Mjomba aliwaka kama pilipili. Hatimaye kina mama wakapiga vigelegele kwa sanduku lililofungwa, wakicheka mpaka machozi. Voi mambo yakawa hayo hayo. Asubuhi nikageuza ufunguo, gari likawaka mara moja, nikamshukuru Mola kwa sauti.

Taveta mzee alitupokea kwa heshima, ila uso ulikuwa mkavu. Hakutaka chai wala maneno. "Yuko wapi samaki wenu?" Tukaiteremsha friji mbele ya wazee wenziwe, na kubonyea kwake. Nikakiinua kifuniko.

Moshi wa baridi ukatanda. Mzee akainama, akanusa. Akayatazama macho ya nguru, maangavu. Akatia kidole, akafunua shavu, na ndani mlikuwa mwekundu kama damu ya sasa hivi. Kisha akacheka, mwanangu, kicheko ambacho hata mkewe alisema hajakisikia miaka! Akaita majirani waje waguse. Nguru akapikwa wa kupaka, na mzee akarudia sahani.

Akafuta midomo, akaniita mbele ya wote. "Aliyemtunza samaki safari yote hii, binti yangu hatamshinda kumtunza." Nililia, sioni haya kusema. Mjomba Hamisi naye alitamba wiki nzima.

Basi nasikia wewe na wenzio mwatafuta friji ya kwenda nayo kambini. Wasemao mchagua jembe si mkulima hawajawahi kubeba nguru. Chagua, tena uchague kwa kuuliza: waenda wapi, njia i vipi, utalala wapi, na umeme utatoka wapi gari likizimwa. Ya kifuniko cha juu na mota yake itakuvumilia njia mbovu. Ipe betri yake, itie vitu vilivyokwisha poa, na uijaribu nyumbani kabla hujaijaribu porini. Wakikucheka kwa kubonyea kwake, waache. Na ukishaahidi kitu, kilinde njia nzima, hata kwa ndugu zako wanaokipenda.

Mola akufungulie njia, akuondolee makorongo, na kila unachokiahidi kifike kizima mkononi mwa uliyemwahidi. Amin.