Spika za Nyuma ya Kochi

Philemoni hakuwa mtu wa kushindwa na kitu chenye waya. Muuza spea za magari, mbishi huyo, analazimisha jambo mpaka likubali! Presha ya macho ilipompofusha mkewe Agnela, waliacha kutazama filamu pamoja, na hilo lilimuuma kuliko alivyokuwa tayari kusema. Basi mwaka 2003 akanunua deki ya DVD na spika tano, akamwita fundi Naftali nyumbani kwao Sekei. Alitaka sauti imzunguke mama wa watu, afurahie filamu tena.

Jumamosi moja mchana Naftali alitundika spika mbili nyuma ya kochi. "Mzee, diski hii ina mifumo miwili ya sauti, Dolby na DTS. Sikilizeni, mchague."

Akaanza na Dolby. Mvua ikanyesha chumba kizima. Alipoweka DTS, Philemoni akajipiga paja. "Hiyo hiyo! Umesikia, Mama Evelyn?"

Kabla Agnela hajajibu, Philemoni akataka Dolby irudiwe, kisha DTS, kisha Dolby tena, huku akibishana na Naftali kuhusu besi utadhani fundi ni yeye. Jamani! Vitu vimenunuliwa kwa ajili ya mke, na mke hapewi hata nafasi ya kujibu.

Kwenye filamu mtu akatembea. Viatu vikalia nyuma ya kochi, vikaelekea mlangoni. Agnela akageuza shingo haraka.

"Baba Evelyn, unakwenda wapi?"

"Niko hapa," alisema Philemoni, aliyekuwa ameketi kando yake. Akamshika mkono.

"Nyumba hii naijua kwa masikio," Agnela alisema. "Friji kule, mlango kule, na wewe ukikohoa najua umekaa wapi. Sasa watu wamejaa kila upande. Naogopa, mume wangu."

Philemoni aliona aibu, aibu kweli. Wiki nzima alikuwa amezungumza na mafundi, bila kumuuliza mkewe hata neno moja.

"Kwa hiyo ipi, Mzee?" Naftali aliuliza taratibu.

"Zima za nyuma. Tubaki na mbili za mbele."

Filamu ikaendelea. Mwanamke fulani akaanza kulia, na Agnela akamsogelea mumewe.

"Huyo anayelia ni mtu mzima au binti? Amevaaje?"

Philemoni, ambaye hata nguo za mkewe hakuwahi kuzitazama vizuri, akakodolea macho televisheni, akaanza kumweleza.