Sayari ya Mapinga

Binti yangu, anayesomea fizikia, alinionyesha kwenye simu picha ya nyota changa. Pembeni yake gesi na vumbi, mabaki ya wingu lililoizaa, vilizunguka kama unga kwenye ungo. Katikati ya vumbi palikuwa na njia nyeusi ya mviringo.

"Hapo kuna sayari inakua, baba. Vumbi linagandana, linakuwa kokoto, kokoto linakuwa mwamba. Mwamba ukishanona unavuta kila kilicho njiani mwake, ndiyo maana njia imebaki tupu."

"Huyo namjua," nikasema. "Anakaa Mapinga."

Nilimaanisha jirani yangu. Mashamba yetu yalitenganishwa na ua wa minyaa. Kila masika alipanda miche mipya upande wetu kidogo, ikishika anang'oa ya zamani. Nikihesabu mikorosho yangu, nikirudia, imepungua na hakuna uliokatwa. Nikiuliza, anacheka: "Macho yanazeeka, sheikh wangu."

Mwaka jana ua ukalipita kaburi la bibi yangu. Nikachukua panga. Binti yangu akanishika mkono.

"Sayari haichagui, baba. Ikimeza kimemezwa, chuma chote kinazama tumboni mwake. Hakitoki tena."

Nikarudisha panga ndani. Jirani alikuwa akitafuta mnunuzi kutoka mjini, na kaburi alilolimeza sasa lilikuwa lake, halitoki tena.

Mwezi wa Shaabani tunazuru makaburi, na hakuna Mwislamu wa pwani anayemfukuza mtu kwenye kaburi la bibi yake. Siku ya mwezi huo niliyosikia mnunuzi anakuja, nikakusanya ukoo mzima kaburini: mikeka, ubani, sufuria la pilau.

Mnunuzi akashuka kwenye gari. "Kuna msiba?"

"Hapana, mwanangu," akajibu shangazi. "Tunamzuru marehemu wetu. Kila mwaka tuko hapa. Ukinunua, kuni za pilau utatuletea wewe?"

Gari likageuza.

Jirani akanijia jasho likimtoka. "Chukua kaburi lako, ndugu yangu, na kipande chake."

"Kipande sikitaki. Nataka mpaka wangu wote, mpaka mkorosho wa mwisho. Na ua uupande kwa mkono wako."

Akaupanda, juani, utomvu wa minyaa ukimchoma macho, mimi nimekaa kwenye kiti nakunywa dafu. Alipofika mwisho akauliza kama tumemalizana. Nikautazama ua kutoka huku hadi kule, kisha kutoka kule hadi huku.

"Umepinda," nikasema. "Ng'oa."