Laini ya Chumba cha Wajukuu

Aroni Rutaihwa, fundi umeme wa Nshamba, ana tabia ambayo wateja wengi hawaipendi: hagusi waya kabla hajauliza maswali. Anataka kujua kitakachowaka, na hasa vitakavyowaka kwa pamoja. Mimi namheshimu kwa hilo. Siku hizi watu wanaomba umeme mkubwa ili jirani auone, na fundi mwenye njaa huwakubalia.

Mwaka jana aliitwa kwa Kokuberwa, mjane anayeishi peke yake katikati ya migomba yake. Mwanawe Mushumbusi, mfanyabiashara wa Bukoba mjini, alikuwa ameagiza kwa simu kwamba nyumba iombewe umeme wa njia tatu, kama wa mashine ya kukoboa kahawa. Mama mwenyewe alitaja taa mbili na redio, basi.

Aroni alipopita vyumbani kupima, alikuta magodoro yamepangwa hadi karibu na dari, yamefunikwa nailoni isiyo na vumbi hata kidogo. Akauliza yanalaliwa na nani.

Mama akaeleza. Ni ya wajukuu, ya Krismasi. Lakini tangu bintiye Joyness apate mtoto mwenye pumu, anayevuta dawa kwa mashine ya umeme, familia ile hulala gesti yenye umeme Muleba, na wengine wamewafuata huko. Huja mchana, wakala, wakaondoka kabla ya giza.

"Mbona hukuwahesabu, mama?"

"Nitahesabuje watu ambao hawalali hapa, waitu, mwanangu?"

Aroni akakaa kwenye kigoda, akaanza upya. Safari hii aliihesabu nyumba kama itakavyokuwa asubuhi ya Krismasi: pasi ya nguo za misa, jagi la kuchemshia maji, friji, simu za watu wote. Ndizi aliziacha nje ya hesabu, maana zitapikwa kwa kuni. Akaona njia moja inatosha kabisa, mradi jagi na pasi visichomekwe pamoja jikoni. Mashine ya mtoto, iliyomhangaisha kuliko vyote, ilikula umeme mdogo kuliko pasi. Hata hivyo aliipa laini yake na breka yake, ili kosa la jikoni lisiifikie.

Mushumbusi alibisha kwenye simu, akataja nyumba za wenzake. Aroni akamjibu kwa adabu kwamba mama hana kahawa ya kukoboa, ana wajukuu wa kulaza. Ukweli wa namna hiyo humpotezea fundi kazi, lakini asiyeweza kuusema asishike koleo.

Krismasi walilala wote. Asubuhi Mushumbusi mwenyewe alichomeka jagi pembeni ya pasi, na jikoni kukazimika. Akaanza kusema, si aliwaambia umeme huu ni mdogo?

Mama hakumsikiliza. Alikimbilia chumbani. Mashine ilikuwa inavuma taratibu, mtoto ameegemea ukuta anavuta dawa yake, macho mazito kwa usingizi. Kokuberwa akaketi kwenye godoro, akamshika mguu.

"Pigeni pasi kwanza," aliwaambia wa jikoni. "Chai itasubiri."