Pampu ya Dada na Mwezi wa Biryogo
Juzi nilipita Gisimenti, hapa Kigali, nikakuta vijana wanashindana kwa ubunifu, kila mmoja na mashine yake mezani. Msichana mmoja alikuwa akingoja zamu yake huku akitazama saa. Nilisimama pale muda mrefu kuliko nilivyokusudia.

Sisi tulikulia Biryogo, mtaa wa Waislamu, kwenye kibaraza cha mafundi cherehani. Baba alishona kanzu, na Ramadhani ikielekea kwisha nyumba nzima ilijaa mlio wa vikanyagio, na harufu ya sambusa za jirani kila alasiri. Kazi yangu ilikuwa kutia mkaa kwenye pasi. Dada alichota maji bondeni kabla ya shule. Nadhani wazo la pampu yake ya kupandisha maji lilizaliwa kwenye ule mlima wa kurudi na maji kichwani.

Shule moja ya mapadri ilitangaza mashindano ya uvumbuzi. Mshindi angepata nafasi ya kusomea ufundi, na dada, aliyekuwa anamaliza shule mwaka ule, hakuwa na nafasi nyingine. Bomba alikuwa nalo, na kamba iliyofungwa vipande vya kandambili kuukuu vya kuvuta maji. Kilichokosekana ni cha kuizungusha ile kamba: miguu ya cherehani ya baba.

"Mwezi ukionekana Alhamisi, Ijumaa ni Idi, na cherehani ni yako," baba alimwambia. "Unaifunga kwenye pampu siku nzima, Jumamosi unapeleka mashindanoni."

Tarehe ile ya mashindano ilipangwa na watu wasiotafuta mwezi.

Alhamisi jioni mtaa mzima ulitoka kutazama juu ya Mlima Kigali. Wingu lilikuwa zito. Dada alipanda juu ya ndoo iliyofunikwa, kana kwamba kimo chake kingesaidia.

"Shuka, mtoto!" jirani wa sambusa akamwita. "Leo mwezi iko imelala kwa mapadri!"

Watu walicheka. Dada alibaki juu ya ndoo mpaka redio ikasema mwezi haukuonekana. Idi ikawa Jumamosi.

Ijumaa ile ya ziada ilikuwa bahati kwa wote waliochelewa. Walikuja na vitambaa tangu asubuhi.

"Sasa nitafanya nini, mama?" baba alimwambia dada bila kuinua macho. "Watoto wa watu waende kuswali uchi?"

Dada alikaa mkekani akashona vifungo, nami nikatia mkaa.

Jumamosi, baada ya swala, tuliipakia cherehani kwenye toroli tukaisukuma hadi shuleni kwa mapadri tukiwa na nguo zetu za sikukuu. Tulikuta meza zinakunjwa na tuzo imeshatolewa.

"Lakini tarehe mliijua tangu zamani," padri alisema kwa upole.

Baba alimweleza habari ya mwezi. Padri aliitikia kwa kichwa, kama mtu anayesikiliza lugha asiyoijua.

Dada aliifunga kamba hivyo hivyo, akakanyaga. Maji yalipanda kutoka kwenye ndoo yakamwagika majanini. Waliokuwa wakibeba viti wakasimama kidogo, kisha wakaendelea kubeba.

Kibaraza kile hakipo tena, baba ametangulia, na nguo za Idi siku hizi hununuliwa zimeshashonwa. Dada bado anashona, kwa cherehani ya umeme. Kila mwaka, jioni ya ishirini na tisa ya Ramadhani, sote hutoka nje na kutazama juu. Yeye hubaki ndani, na huku nje tunaisikia cherehani yake haisimami.