Fundi wa Funguo na Meno ya Muda

Wako watu wenye meno ya kuchekea na wako wenye meno ya kutafunia. Fundi wa funguo alikuwa na meno ya kazi. Kwa miaka thelathini na mitatu, kila alipochonga ufunguo mpya, aliubana ule wa zamani katikati ya meno ya mbele ili mikono ibaki huru, mmoja kwenye tupa, mwingine kwenye jiliwa lililoubana ule mpya. Mteja akimsemesha, alijibu kwa nyusi. Kibanda chake kilikuwa ubavuni mwa duka la vitambaa, upana wake hatua mbili tu, na ukipita mchana ungemkuta ameinama, ufunguo mdomoni, tupa ikienda na kurudi, yeye mwenyewe hayupo. Alikuwa mtu wa kuota mchana kweupe. Mikono iliijua kazi, na akili aliipa ruhusa itembee.

Lakini chuma si mkate. Fizi zilianza kumwasha, zikaja kuvimba, na mwisho meno manne ya juu yakawa yanacheza kama misumari kwenye ubao uliooza. Daktari wa meno, binti mpole ambaye angeweza kuwa mwanawe, alimwuliza huwa anatafuna nini. Alipoelezwa, alikiweka chini kioo chake kidogo.

"Baba, meno uliyafanya koleo," alisema, akayang'oa yote manne siku hiyohiyo.

Muuza vitambaa, ambaye ni rafiki yake wa siku nyingi na hana dogo, alimpokea kwa methali. "Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi, kibogoyo wangu." Fundi alicheka huku ameziba mdomo kwa leso, na tangu siku hiyo leso haikumbanduka. Alizungumza nyuma ya leso, alipokea pesa nyuma ya leso, na chai aliinywa akiwa ameugeukia ukuta.

Aliona haya, tusimfiche. Alikuwa na mwanya katikati ya meno yale, mwanya uliosifiwa tangu ujana wake, na mwanaume wa miaka hamsini na minane naye ana vyake vya kuringia. Lakini haya siyo iliyomnyima usingizi. Kilichomuuma ni mluzi.

Mama yake alikaa na dada mkubwa wa fundi, mitaa mitatu kutoka kibandani, ghorofa ya pili. Alikuwa na miaka themanini na minne na meno yake karibu yote, jambo ambalo muuza vitambaa aliliona ni dhuluma ya wazi kwa mwanawe. Kilichokuwa kikimtoka mama ni kumbukumbu. Zilitoka moja moja, bila maumivu. Alianza kupoteza majina ya mitaa, ikafuata jana, ikafuata juzi, kisha sura za watu. Sura ya mwanawe ilimtoka mwaka uliopita. Ikabaki alama moja tu ya kumtambulia, mluzi wa sauti tatu, mmoja mrefu na miwili mifupi, unaopita katikati ya mwanya. Alimfundisha mwenyewe alipokuwa na miaka sita, ili akitoka shule aupige chini ya ngazi, naye ajue kwamba mtoto amefika salama.

Kwa hiyo kila siku saa kumi jioni fundi alifunga kibanda, akaenda, akasimama chini ya ngazi na kupiga mluzi. Na juu, kwenye kiti cha karibu na dirisha, mama alisema, "Kitinda huyo. Mfungulieni." Kitinda ni jina alilompa kwa kuwa ndiye kitinda mimba wake, na hakuna mwingine duniani aliyemwita hivyo. Akiingia, mama aliziangalia mvi zake kwa mashaka kidogo, lakini mluzi ulikuwa umeshampitisha mlangoni. Alimshika mkono. Pazia la njano lilijaa na kunywea kwa upepo, chumba kizima kikawa na rangi ya chai ya maziwa, na mama akaanza kusimulia watu waliokufa zamani kana kwamba wametoka sasa hivi kwenda dukani. Fundi hakumsahihisha hata mara moja. Alikaa humo ndani ya mchana ule usiokwisha, na kusema kweli alikuwa na raha.

Baada ya kung'olewa meno, alisimama chini ya ngazi na kupuliza. Ikatoka fyuu, pumzi ya gurudumu lililopata pancha. Juu kimya. Alipanda akiwa na leso mdomoni na kisanduku cha vifaa mkononi. Mama alimtazama kwa adabu, kama tunavyowatazama wageni.

"Karibu, fundi," alisema. "Kitasa cha kabati kinakwama."

Kitasa hakikuwa kinakwama. Fundi alifungua skurubu zake nne, akazifunga tena, akaaga. Kesho yake akafanya hivyohivyo, na keshokutwa, wiki ikapita na ya pili ikapita. Neno lile lililomlisha miaka yote, fundi, lilimchoma kila lilipomtoka mama yake.

Jumatatu dada yake alimngoja kwenye ngazi. "Mdogo wangu," alisema, "Jumapili namhamisha mama. Tunakwenda kwa binti yangu. Kule nyumba ni ya chini, hakuna ngazi. Magoti yake hayawezi tena, na mimi peke yangu nimechoka."

Safari ya kwenda huko ni ya siku nzima na nusu, na mwenye kibanda hafungi kibanda kila wiki. Fundi alitikisa kichwa kuonyesha ameelewa, na alielewa kweli. Dada yake alikuwa amembeba mama kwa miaka saba bila kunung'unika. Alichotaka fundi ni kimoja tu, kwamba kabla ya Jumapili aitwe Kitinda. Mara moja ingemtosha.

Alirudi kwa daktari. Daktari alimpapasa fizi, akasema meno ya kudumu hayawezi kupimwa mpaka zipone, miezi mitatu.

"Sina miezi mitatu, binti yangu. Nina siku sita."

Binti alifikiri. "Famasi ya hapo chini wanauza yaliyo tayari. Unayavaa mwenyewe nyumbani. Watu huyachukua kwa ajili ya picha, au kikao cha siku moja. Usiyalie chakula, usiyalalie." Kisha, kwa kuwa alimwona mzee wa watu amejiinamia, akaongeza, "Ni ya muda tu, baba. Ya kweli yanakuja."

Yalikuja kwenye kijisanduku chenye picha ya mtu anayecheka kama aliyeuziwa dunia kwa bei ya kutupa. Ndani mlikuwa na safu ya meno manne na kifuko cha chembe nyeupe za plastiki. Unazitia kwenye maji ya moto mpaka zilainike na kung'aa, unazipaka nyuma ya meno, unabandika kwenye fizi, unahesabu hadi sitini. Fundi alihesabu hadi mia kwa usalama. Alipojitazama kwenye kioo alimwona bwana mmoja nadhifu asiyemfahamu. Meno yalikuwa yamepangika kama matofali, hakuna hata pa kupitisha karatasi. Alipuliza. Hata ile fyuu haikutoka.

Mtu mwingine angekata tamaa. Huyu alikuwa fundi, na mbele yake palikuwa na meno yasiyofungua kitu. Jumatano asubuhi aliyazungushia kitambaa, akayabana kwenye jiliwa, akatafuta tupa yake ndogo kuliko zote. Sheria ya kazi yake ni moja. Piga tupa mara moja, jaribu mara moja, kwa sababu tupa ikishakula hairudishi. Akapiga, akavaa, akapuliza. Akavua. Akapiga tena. Wateja walikuja, wakaambiwa warudi wiki ijayo.

Jumatano haikutoka sauti. Alhamisi kilitoka kitu chembamba, kikapotea. Unga mweupe wa plastiki ulikuwa ukielea kwenye mwali wa jua uliopenya kati ya mabati, na fundi akiutazama aliziona ngazi za zamani, begi lake la shule, sufuria ya mama ikifunikwa, na hakujua ni saa ngapi wala kama amekula. Ijumaa, kitu kama saa nane, mluzi ulitoka. Mrefu, kisha miwili mifupi. Muuza vitambaa aliacha mkasi katikati ya kitambaa cha mtu.

"Ndiyo wewe huyo," alisema, na mara hii hakuwa na utani.

Kosa ni kwamba alisikiliza sauti peke yake. Ili kuupata mwanya ule tupa ilikuwa imekula nyuma pia, na ukuta wa plastiki unaoshika fizi ulikuwa umebaki mwembamba mno. Fundi wa vitasa anajua kwamba ufunguo uliochongwa kupita kiasi huingia vizuri na kukatikia ndani. Analijua hilo usingizini. Lakini alikuwa na furaha, na furaha haikagui kazi.

Jumamosi alioga, akavaa shati la sherehe, na leso akaiacha kibandani, maana mwenye meno yake ana haja gani na leso? Saa kumi alisimama chini ya ngazi. Juu dirisha lilikuwa wazi na pazia la njano likipumua. Akapuliza.

Ule mrefu ulitoka safi, ukapanda ngazi zote. Akasikia kiti kikilia juu, mtu anainuka. Akapuliza wa pili, na meno yote manne yakaruka kutoka mdomoni, yakagonga ngazi ya chini, yakabiringika hadi uvunguni mwa baiskeli ya jirani.

Hakuyafuata. Alipanda mbio akihema, ngazi mbilimbili, akiogopa kwamba ule mluzi mrefu utaisha kichwani mwa mama kabla hajafika. Dada yake alifungua. Mama alikuwa amesimama ameshika mgongo wa kiti, uso umeelekea mlangoni. Fundi aliinua mkono kuchukua leso, mfuko ukawa mtupu. Basi akabaki hapo mlangoni, mdomo wazi, pengo lake lote nje.

Mama alilitazama pengo lile. Kisha uso wake ukalainika, kama mtu aliyekumbuka alikoweka miwani.

"Limetoka?" aliuliza.

Fundi aliitikia kwa nyusi.

"Njoo nione."

Alikwenda, akapiga magoti mbele ya kiti kwa sababu yeye ni mrefu na mama ni mfupi. Mama alimshika kidevu, akauelekeza mdomo kwenye mwanga wa dirishani, akapitisha kidole taratibu pale ambapo meno hayapo.

"Manne kwa mpigo," alisema. "Ulikuwa unatafuna nini, Kitinda?"

"Funguo, mama."

"Utundu huo." Alimfuta machozi kwa upande wa khanga, bila kushangaa hata kidogo kwamba mashavu anayoyafuta yana ndevu za mvi. "Usilie, mwanangu. Hayo yalikuwa ya muda tu. Ya kweli yanakuja."

Dada yake, aliyekuwa akifunga mabegi, aliingia jikoni na kukaa huko bila kazi yoyote. Wiki tatu alikuwa amemwona mdogo wake akiingia na kutoka na leso, na mama akimwita fundi, na hakuna aliyefikiri kumwambia aishushe. Mtoto hakui mbele ya mama yake, ndivyo watu wasemavyo. Huyu alikuwa ameliziba kwa leso pengo lilelile ambalo lingemfanya mama amwone mtoto wake.

Mama alibana midomo, akapiga mluzi kwa mwanya wake mwenyewe, mmoja mrefu na miwili mifupi. "Mpaka yaote, nitakupigia mimi," alisema. "Wewe sikiliza tu."

Jumapili asubuhi fundi alibeba mabegi mpaka kwenye gari. Meno aliyakuta chini ya baiskeli, akayatia kwenye glasi na kuyaacha kibandani. Alikuja jinsi alivyo. Mama alikuwa ameketi garini kando ya dirisha, akiutazama mtaa kama mahali anapopaona mara ya kwanza. Alimpita fundi kwa macho, akaendelea mbele. Ndipo macho yakarudi. Mama aliteremsha kioo.

"Kitinda," alisema, "usichezee pengo kwa ulimi. Yataota upande."

Fundi aliurudisha ulimi mahali pake, kwa sababu kweli alikuwa akilichezea.